Mzee Mirumbe Gichana, Aliyepanda Mawimbi kwa Mlango wa Stoo

Tarehe 30 Novemba 1969 Mzee Mirumbe Gichana atafunga stoo ya kituo chetu cha samaki hapa Homa Bay kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba. Alizaliwa Ntimaru, kwa watu wa ng'ombe, akaajiriwa mwaka 1942 kama mbeba mizigo. Miaka sita baadaye alikabidhiwa funguo, na tangu siku hiyo hakuna msumari uliotoka stoo bila kuulizwa unakwenda wapi na utarudi lini.

Wageni wa kituo wanamjua kwa ukali wake. Ndiye aliyemnyima mkuu wa kituo viatu vipya vya mpira mpaka alipoleta vile vya zamani, mguu wa kushoto na wa kulia, vikiwa vimeoshwa. Sisi tunaokaa naye tunajua mengine. Alimfundisha Monicah, mpiga chapa wetu, kuhesabu kwa Kikuria, naye Monicah akamlipa kwa kumfundisha maneno fulani ya Dholuo akimwambia ni salamu za heshima. Mzee aliwaamkia nayo wazee wa kanisa kwa muda wa wiki mbili. Alipogundua, mashine ya Monicah ilikaa mwezi mzima bila utepe mpya.

Kamati ya sherehe imeniomba nieleze ile safari ya mawimbi ya mwaka 1966, kwa kuwa nilikuwa karibu naye kuliko wengine. Nitaieleza, lakini kwanza sina budi kuungama.

Machi mwaka ule ulikuja waraka. Kila anayesafiri kwa mashua ya kituo alitakiwa, kabla ya mwisho wa Agosti, kushuka kwenye kina na kufika ufukweni mwenyewe huku mawimbi yakipiga. Atakayeshindwa angehamishiwa kwenye mabwawa ya bara, ambako maji hayapiti magoti. Tulicheka wote. Mimi, Dishon, mpima samaki, mzaliwa wa Rusinga, nilicheka kwa sauti kuliko wenzangu, kwa sababu sikujua kuogelea.

Mjomba wangu alizama nikiwa na miaka minne, na tangu hapo mama hakuniruhusu kukaribia ziwa ila kwa ndoo. Nilikua nikilima na kusoma. Kwenye fomu ya kazi, mahali palipouliza kama najua kuogelea, niliandika Ndiyo, na hakuna aliyenitilia shaka, maana nani angemuuliza mtu wa kisiwani swali kama hilo? Sasa nilikuwa na miezi mitano. Kuhamishwa ningevumilia. Kurudi nyumbani na kuwaeleza watu wa Rusinga kilichonihamisha, hilo sikuweza hata kuliwaza.

Wiki ileile, wakati wa chai, Mzee Mirumbe alisimama na kikombe chake akatangaza kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe, maji hayajui, na hataki kustaafu akiwa kichekesho. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtunza stoo, anayepanda mashua mara mbili kwa mwaka, aliusikia waraka kwa uchungu namna hiyo. Alikuwa na picha aliyoikata gazetini, ya watu waliosimama juu ya mbao wakiletwa pwani na wimbi la bahari. Akasema hiyo ndiyo njia: mtu asishindane na wimbi, alipande limfikishe. Kisha akanitazama mimi na kuomba, mbele ya wote, kijana wa Rusinga awe mlinzi wake majini. Nilikubali. Ningesema nini?

Mipango yake ilijaza kurasa nne, na Monicah alizipiga chapa akitetemeka kwa kicheko. Tungeanza Homa Bay, ndani ya ghuba, asubuhi kabla upepo haujaamka. Tukishazoea, tungekwenda Rusinga kwa mashua, upande unaotazama ziwa wazi, kwenye mawimbi ya kiasi. Mwisho Sori, alasiri, pale upepo unapovuma kutoka ziwani na mawimbi yanakuja ya kweli. Kila mahali wavuvi waulizwe kwanza viboko hutokea wapi, na kazi hiyo akapewa Fanuel, nahodha wetu, kwa cheo cha Mkaguzi wa Kiboko. Fanuel alikikataa cheo, kisha akaonekana akikitumia kila alipokwenda.

Mbao hazikuwepo. Mzee alizing'oa bawaba za milango mitatu ya stoo ya zamani, akaiandika namba, akatutaka tutie sahihi. Wa kwanza ulikuwa wake, nao ulikuwa bado na tangazo la rangi nyekundu linalokataza mtu kuingia bila ruhusa. Wa pili ulikuwa wangu. Wa tatu ulikuwa wa yeyote atakayejitolea, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea, tuliukalia wakati wa chakula.

Jambo lililozua ubishi ni kamba. Kila mlango aliufunga kamba ya katani, na ncha ya pili akaifunga kwenye kifundo cha mguu, kama mtu anavyomfunga ndama asiende kwenye mahindi ya jirani. Fanuel alikasirika kwelikweli. Mtu wa ziwani hajifungi kwenye chombo, alisema, kwa sababu kikizama kinakwenda naye. Mzee alimjibu kwa upole kwamba mashua huzama, lakini yeye katika utumishi wake wote hajapata kuandikia ripoti mlango uliozama. Kamba zikabaki.

Basi, karibu na gati la Homa Bay, kila asubuhi kwa wiki tatu, watu walikuja kumtazama Mkuria akinywa ziwa. Alianguka kushoto, akaanguka kulia, alikohoa, aliupigia kelele mlango wake kama anayefukuza fahali shambani. Wanawake waliokuja kununua samaki walisahau bei. Kati ya kuanguka na kuanguka alinigeukia na kuuliza: miguu hupigwaje? Hebu nionyeshe. Pumzi hushikwa lini? Sijaona vizuri, rudia. Mimi, kwa aibu ya cheo nilichopewa, nilijilaza juu ya mlango namba mbili kwenye maji ya kiuno na kubahatisha. Nilipokosea alitikisa kichwa, akasema labda watu wa Rusinga hufanya vile, lakini yeye angejaribu hivi. Alivyojaribu yeye kulikuwa na maana, ila kila mara alimalizia kwa kuzama, na watu wakamcheka yeye. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitazama mimi.

Rusinga nilijifunza kwamba wimbi la kiasi ni gumu kuliko maji tulivu na wimbi kubwa, kwa sababu halikupi nafasi ya kuliogopa vizuri. Linakuja dogo, unalidharau, linakupindua. Mzee alinifundisha, huku akidai anajifunza kwangu, kungoja wimbi la tatu na kuanza kupiga miguu kabla halijafika. Siku ya nne nililetwa mpaka mchangani nikiwa nimelala kifudifudi, mzima, na mama alikuwa amesimama pale. Alitazama mlango, akatazama kamba, akaondoka. Jioni alitupikia kuku.

Sori palinikamata. Alasiri ya pili wimbi lilinitupa, nikaenda chini, sikujua juu ni wapi. Nakumbuka nilifikiria mjomba. Halafu mguu wangu wa kulia ukavutwa kwa nguvu, maana mlango namba mbili ulikuwa umebebwa na povu na kukimbilia nchi kavu bila mimi, na kamba ya ndama ikanikokota nyuma yake. Nilipofungua macho Mzee Mirumbe alikuwa amenishika kwapani. Nilipoanguka alikuwa mita thelathini kutoka hapo. Sikupata akili ya kujiuliza amefikaje.

Tarehe 27 Agosti tulipimwa palepale Sori. Nilishuka kwenye kina bila mlango na bila kamba, nikangoja la tatu, nikafika. Mzee alifika wa mwisho, kwa mgongo, akitema maji, na kijiji kizima kilimpigia makofi kuliko sisi wote. Milango ilirudishwa kwenye bawaba zake siku tatu baadaye, kila mmoja kwa namba yake.

Mwezi uliopita nilipanda mpaka Ntimaru kumwomba mama Nyangi, mke wake, habari za ujana wa Mzee kwa ajili ya maandishi haya. Nilimuuliza mumewe alianza lini kuogopa maji. Mama aliweka ungo chini. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga, kisha akaniambia kwamba mvua zilipojaza mto Migori, ng'ombe wa watu walivushwa na Mirumbe. Wenzake walishika mkia wa fahali na kuvutwa. Yeye aliogelea mbele, na ndama begani. "Mimi nilimpendea hapo mtoni," alisema mama Nyangi. "Sasa nyinyi huko Homa Bay mlimwona anazama wapi?"

Nilirudi nikaenda moja kwa moja stoo. Nilimuuliza alijua tangu lini kwamba sikujua kuogelea. Bila kuinua macho kwenye nyavu alisema kwamba kijana wa kisiwani anayekaa katikati ya mashua na kushika ubao kwa mikono miwili hahitaji kuulizwa. Kisha akataka kujua kama nimerudisha kamba ya mlango namba mbili, kwa sababu kwenye orodha yake haionekani.

Mzee Mirumbe, kituo kinakushukuru kwa nyavu, kwa funguo na kwa kila msumari. Mimi nakushukuru kwa maji yote uliyoyanywa kwa niaba yangu mbele ya soko zima. Nenda nyumbani kwa mama Nyangi, ng'ombe wako wanenepe, na mto ukijaa waachie vijana wavushe. Maisha yawe mema kwako kama ulivyoyafanya yawe mema kwetu.

Kamba ninayo. Siirudishi.