Nyuso Zinaanza Mwaka Ujao

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini mama mmoja mshonaji alikwenda kukaa karibu kabisa na binti mwenye mkoba wa kamera. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikijifanya nambembeleza mtoto aliyekwisha lala zamani.

"Unasomea picha? Mpaka chuo kikuu?" mshonaji aliuliza. "Mimi nilidhani ni kubonyeza tu."

"Na unaanza na mwaka wa msingi, mama, kabla ya mwaka wa kwanza wenyewe. Mwaka mzima haturuhusiwi kupiga uso. Tunapiga mikono, migongo, vivuli. Nyuso zinaanza mwaka wa kwanza."

"Sasa hiyo migongo ulikuwa unaipata kwa nani?"

"Kwa mama yangu. Nimepiga kisogo chake, vidole, mpaka nyayo. Alikuwa ananitania, 'We mtoto, usoni utafika lini?' Namwambia, subiri mwaka ujao."

Mshonaji akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Amefariki likizoni. Msibani tuliweka picha ya kitambulisho, amenuna kama kagombana na mpigaji. Leo ndiyo tunaanza nyuso. Naenda kuwaambia naacha."

"Usiache, mwanangu. Si alikuwa anaingojea siku hii?"

"Ndiyo maana siiwezi."

Mshonaji alivua miwani, akajipangusa uso kwa kiganja. "Basi anza na wangu. Si mzuri, lakini upo."

Basi likasimama mbele ya lango la chuo, na mshonaji akasogeza magoti kumpisha. Kondakta aliuliza kama kuna anayeshuka. Binti alikuwa bado amekaa, ameukumbatia mkoba wake, na hakuna aliyemharakisha.