Ng'ombe Sita Waliorudishwa: Maisha ya Papa Ignace Birindwa wa Mumosho

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani mliofika kutoka Mumosho tangu alfajiri, nanyi nyote mliokaa chini ya hema hili la kilio hapa Ibanda, familia inawaomba masikio yenu kwa kitambo, na kwa kicho mbele za Mungu atoaye na kutwaa, inawasomea safari ya miaka sabini na mitatu ya mtu aliyependa watu, akapenda ng'ombe, na mara nyingi hakuona sababu ya kutenganisha mapendo hayo mawili.

Papa Ignace Birindwa alizaliwa Mumosho tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Cishugi na Mama Nabintu, katika nyumba ambamo, kama ilivyokuwa siku hizo, ndama walilala upande wa pili wa ukuta wa mianzi, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakubembelezwa kwa wimbo, alinyamaza mwenyewe kila aliposikia ng'ombe wakicheua.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha akaingia seminari ndogo, ambako alipewa Kilatini, Kigiriki kidogo, na viatu vya kwanza maishani mwake, mapadri wakitumaini kwamba siku moja atachunga roho za watu, lakini baba yake alipofariki mwezi wa Juni 1968 ilimbidi arudi kuchunga kundi lililobaki, naye hakunung'unika, alisema tu kwamba Waroma wa kale walipotaka kutaja utajiri walitaja kwanza mifugo, hivyo yeye hakuacha masomo, alibadilisha darasa. Baadaye alijifunza utabibu wa mifugo, akapata diploma yake Julai 1973.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa na serikali kama msaidizi wa daktari wa mifugo huko Walungu, akahamishiwa Bukavu mwaka 1986, akakagua nyama machinjioni hadi alipostaafu mwaka 2011, na ni jambo la kuchekesha, ambalo yeye mwenyewe alilicheka kuliko wote, kwamba mtu aliyegonga muhuri juu ya nyama ya mji mzima aliila nyama hiyo mara tatu tu kwa mwaka, Noeli, Pasaka na siku ya arusi ya mtu, na miaka ya mwisho hata hiyo mara ya tatu meno yalimkatalia.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa takatifu na Mama Rosalie, na shahidi wake mbele ya altare alikuwa Papa Philémon, jirani yake na rafiki wa utoto, yule yule ambaye vita vilipokwisha kulipora kundi lote, alimletea mwaka 2006 mtamba mmoja ili zizi lianze kunuka uhai tena. Mungu aliwajalia Papa Ignace na Mama Rosalie watoto wanne, Delphin, Adèle, Xavier, na kitinda mimba Charlène, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1992, na wajukuu kumi na mmoja.

Kutoka kwa mtamba yule lilizaliwa kundi la ng'ombe tisa, lakini aliyefika kwa Papa Ignace hakuwakuta zaidi ya wawili, kwa maana saba alikuwa amewaweka kwa majirani kwa desturi ya wazee wetu, ambayo vijana wa mjini yafaa waisikie: anayewekewa ng'ombe hunywa maziwa yake, hugandisha masunzu, yaani jibini yetu ya maziwa ya mgando, hubeba samadi kwenye migomba, ndama wa kwanza humrudia mwenye ng'ombe, wa pili hubaki kwa mlishaji, na tangu siku hiyo nyumba hizo mbili huitana ndugu. Kumrudisha ng'ombe mzima asiye na ugonjwa ni kuurudisha undugu ukiwa umefungwa kamba shingoni, na mwenye ng'ombe haruhusiwi kumpeleka tena kwa aliyemrudisha, bali hungoja mpaka yule aje kwa miguu yake, aombe.

Mwezi wa Mei 2023 mvua iliua watu wengi huko Kalehe, na kila mtu katika jimbo hili alitafuta wa kumlaumu. Charlène, aliyekuwa mwandishi wa habari katika redio moja ya hapa mjini, alikuwa ametoka kwenye mafunzo juu ya mabadiliko ya tabianchi, ambako walionyeshwa picha za misitu ya ng'ambo iliyokatwa ili kulisha makundi ya maelfu, na sahani zilizojaa nyama kama vile kila mla nyama duniani anashiba, naye Jumanne tarehe 16 Mei alisoma hewani karatasi aliyopewa, akaongeza ya kwake, kwamba ng'ombe ni moshi yenye kutembea na miguu ine. Neno lilikuwa tamu, likashika, watoto wakaliimba njiani, na wiki hiyo hiyo mlima ulipomeguka Mumosho na kuzika shamba la maharagi la Papa Philémon, watu hawakuhitaji mwalimu wa pili.

Ndipo yakaja makosa ambayo ni watu wa kwetu tu wangeweza kuyafanya, kwa sababu ni watu wa kwetu tu waliokuwa na namna hiyo ya kuyafanya: hawakumtukana Papa Ignace, hawakumpiga jiwe, walimrudishia ng'ombe. Maandiko yanatueleza juu ya mbuzi aliyewekewa mikono kichwani, akatwikwa dhambi za taifa zima, akafukuzwa jangwani, nao ng'ombe wa Mumosho walitwikwa mvua ya dunia nzima, ila jangwa lao likawa ua wa Papa Ignace. Katika siku kumi na mbili walirudi sita, na aliyesema maneno makali zaidi, tena mbele ya kanisa baada ya misa, alikuwa Papa Philémon, akiwa ameshika kamba: "Ignace, sikurudishii urafiki, nakurudishia moshi. Ni mutoto wako mwenyewe alisema mu redio." Papa Ignace aliipokea kamba, akamkaribisha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, naye akakataa kunywa, na hilo lilimuuma marehemu kuliko maneno.

Wa saba hakurudi, kwa kuwa Mama Consolate, mjane, aliwaambia waliokuja kumshauri kwamba redio haijampa hata ndizi moja ya kitoke, na migomba yake inajua nani anailisha.

Charlène alifika Pentekoste, tarehe 28 Mei, akakuta ng'ombe wanane wamebanana mahali pa wawili, majani hayatoshi, akaelewa. Alimwambia baba yake kwamba alisoma vile walimuandikia, naye akamjibu bila hasira, kwa jina ambalo baba wa kwetu humwita binti yake, "Na ulisoma muzuri, Maman. Sasa kuya usome ng'ombe." Alikaa siku tisa, akakata majani, akabeba samadi kichwani na nguo zake za mjini, akapima kwa macho yake mwenyewe ni ng'ombe wangapi wa Mumosho wanaolingana na zizi moja la zile picha, na baba yake hakumficha kitu, alikubali kwamba ng'ombe hutoa hewa chafu, wataalamu hawasemi uongo, kisha akamwongoza hadi kwenye kilima kilichomeguka, akamwambia jambo ambalo familia ilikuwa hailijui: kwamba katika miaka ya themanini, akiwa afisa wa mifugo, ni yeye aliyewafundisha watu kuchoma vilima kila Julai ili yaote majani mapya, mpaka udongo ukabaki uchi. Charlène alitaka kuliacha jambo hilo nje ya kipindi kipya cha redio alichokuwa akikitayarisha, baba akakataa: "Weka na kosa yangu. Nikificha yangu, hawatasadiki ya ng'ombe."

Kipindi cha pili kilisikika tarehe 11 Julai 2023, kwa sauti za wote wawili, baba akiomba msamaha kwa ajili ya moto na binti kwa ajili ya moshi. Hadi Noeli majirani watano walikuwa wamekuja kwa miguu yao, kila mmoja na kibuyu chake, wakaomba, wakapewa. Papa Philémon hakuja. Si kwamba hakusadiki, bali aliyesema kwa sauti kubwa mbele ya watu huona njia ya kurudi ni ndefu, na Papa Ignace, aliyefungwa na desturi, hakuweza kumsogelea hata hatua moja, akabaki akimlisha ng'ombe yule kwa mikono yake na kutazama njia.

Mwezi wa Machi 2024 madaktari waligundua saratani ya ini. Aliupokea ugonjwa kwa saburi, akapewa sakramenti, akagawa ushauri, na Oktoba alipolazwa hospitali hapa Ibanda hakuwauliza watoto wake juu ya dawa, aliuliza kila asubuhi kama kuna mtu amefika nyumbani Mumosho. Alhamisi tarehe 7 Novemba Papa Philémon aliingia chumbani, kofia mkononi, akasimama mlangoni muda ambao Mama Rosalie anasema ulikuwa mrefu kuliko misa, akasema, "Ignace, nakuya kuomba ile ng'ombe." Marehemu alimjibu, "Umekawia, muzee. Iko na mimba ya miezi saba. Utembeze ye polepole," wakacheka wote wawili, mmoja kwa nguvu, mwingine kwa macho tu.

Desturi inataka ng'ombe aongozwe na mtoto wa nyumba anakotoka. Papa Ignace alimtaja Charlène, Charlène akalia, akasema hamwachi baba katika hali ile, naye akamwita karibu, akamwambia kwamba wa kumshika mkono wako wengi, wa kushika kamba ile ni yeye peke yake. Ijumaa tarehe 8 Novemba 2024, saa mbili na nusu ya asubuhi, Papa Ignace aliaga dunia. Familia imesikia maneno yanayonong'onwa tangu juzi, kwamba binti aliyemwaibisha baba yake hakufika hata kumfumba macho, nayo inajibu mbele ya jeneza hili, mara moja tu: saa ile Charlène alikuwa njiani Mumosho, akitembea polepole na ng'ombe mwenye mimba, mahali ambapo baba yake alimtuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, Baba Paroko, wenzake wa zamani wa machinjio, Mama Consolate, majirani wote, nawe Papa Philémon, uliyebeba jeneza leo upande wa kichwa.

Papa Ignace, ng'ombe wako saba wote wako tena kwa watu. Lala sasa katika amani ya Bwana, pumzika.