Pingamizi la Majirani Watatu

Benchi letu liko Lodwar, ubavuni mwa duka la simenti, linatazamana na ploti tupu iliyojaa vichaka vya miiba vya mathenge. Mwenye duka ni Kilo, mtu wa Eldoret, aliyepata jina hilo kwa sababu hajawahi kumzidishia mtu msumari hata mmoja. Pembeni yake hukaa Hansard, zamani bawabu wa bunge la kaunti, ambaye hukariri mijadala, mingine haikuwahi kufanyika. Mimi wananiita Madam, kwa kuwa nilisoma chuo kikuu na barua za benchi ni mimi huziandika. Wiki mbili zilizopita karani alikuja na nyundo akapigilia tangazo kwenye nguzo ya ploti: ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, ili ijengwe rimandi mpya ya watoto wanaosubiri kesi, limekataliwa. Ile ya zamani, nyuma ya korti, ilijengewa watoto ishirini. Wamo sitini na wawili. Tangu siku hiyo kahawa yetu haina mada nyingine.

— Sitini si wengi, akasema Kilo. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Hiyo methali ni ya kikao, nikamwambia. Si ya godoro.

— Godoro nalo ni kikao, Madam. Kikao cha kulala.

Hansard akatikisa kichwa.

— Hii maneno imetoka Nairobi. Iko mkubwa mmoja anataka hiyo ploti, ajenge hoteli.

— Hoteli bila maji ya mfereji? Kilo akamuuliza.

— Ndiyo maana inafanywa siri.

— Si hoteli, ni mifupa, akasema Kilo. Wakichimba msingi pale watatoa mifupa ya kale kama ile ya Nariokotome, halafu nani atalaza mtoto juu yake?

— Nani ameona mifupa? nikauliza.

— Mbwa wangu anachimba pale kila siku. Mbwa hachimbi bure.

— Chini ya mifupa kuna mafuta, akasema Hansard. Ndege imepita juu ya hiyo ploti mara tatu wiki hii.

— Ni ndege ya abiria. Inapita kila siku.

— Huo ndio ujanja yake.

— Na ile barua yetu? nikauliza.

Kilo akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Barua ya watu watatu haiwezi kuzuia serikali, Madam.

— Tangazo linasema limekataliwa kwa pingamizi la majirani. Upande ule ni mto, upande huu ni sisi. Majirani ni kina nani?

— Lakini sisi hatukukataa, akasema Hansard. Tulikataa ya kwanza tu.

Wazo la barua lilikuwa lake. Posa ikija kwa Waturkana, alitueleza siku ile, baba haitikii mara moja. Anakataa, wageni wanakwenda kujipanga, wanarudi na ngamia zaidi. Basi na sisi tukatae, kamati ya ardhi ije kutubembeleza, Kilo apewe zabuni ya simenti na yeye Hansard apate kazi ya kulinda geti. Nikaiandika kwa Kiingereza safi: usalama wa wakazi, bei ya ardhi, hadhi ya mtaa. Mimi sikuwa na langu la kuomba. Nilitaka tu kuona kama bado naweza kuandika vile. Nilisifiwa sana hapa benchini.

Kamati haikuja kubembeleza mtu. Iligonga muhuri.

— Hiyo watu haina adabu, akasema Hansard kwa uchungu. Unaambiwa hapana mara moja, unaenda nyumbani?

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Kilo. Mwaka ujao wataomba tena.

— Na wale watoto wanavumilia wamekaa wapi? nikauliza.



Mwanamke mrefu akavuka barabara, godoro jembamba la sponji limekunjwa kichwani.

— Ejok.

— Ejok, tukaitika.

— Mimi naitwa Achai. Natoka Kakuma, kule kambini. Mtoto yangu Akuei iko rimandi hapa, kesi wamesongesha mbele mara tatu. Wanalala kwa zamu. Zamu yake ni mchana, na mchana nyumba inachoma. Nimeleta hii godoro, askari amesema hakuna pahali ya kutandika.

Hansard akasogea kumpisha. Kilo akammiminia kahawa, kikombe kikajaa mpaka mdomoni.

— Pole sana, mama.

— Karani amesema nyumba mpya ilikuwa ijengwe hapa. Watu watatu walikataa. Hao wakiandika kwamba wameondoa maneno yao, kamati itasikiza tena. Lakini ni siku kumi na nne, na inaisha leo saa kumi na moja. Amenipatia majina.

Akakunjua karatasi, akasoma polepole, kidole kikifuata herufi.

— Nanok. Kiprop. Nyakio. Mnawajua?

Hansard, ambaye mama yake alimwita Nanok, akatazama kahawa yake. Kiprop akainuka, akaingia dukani kupima misumari ambayo hakuna aliyeiagiza.

— Hapa hatuitani kwa majina, akasema Hansard mwishowe. Na hilo lilikuwa kweli.

Achai akanigeukia.

— Na wewe, dada yangu, unaitwa nani?

Kalamu ilikuwa mkobani. Barua ya kuondoa pingamizi ni mistari mitatu tu, ningeimaliza kabla hajamaliza kahawa. Lakini ningeiandika akinitazama.

— Madam, nikasema.

— Asante, Madam. Ukiona huyo Nyakio, mwambie ni leo.

Nikamwambia nitamwambia.