Lazaro Hango Ntandu na Maandishi ya Haki za Wanaojaribiwa Dawa

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamshusha mpendwa wetu kaburini, familia imeona vema mumjue huyu mnayemzika. Siku nane kabla ya kufa, Lazaro alimwita mkewe akamwagiza jambo moja tu kuhusu wasifu huu: "Msinipambe. La tyubu nyeupe lisemwe, tena mbele ya watu." Tumetii.

Marehemu Lazaro alizaliwa tarehe 9 Juni 1931 hapa Mungaa, mtoto wa tatu wa Mzee Hango Ntandu na Mama Maria Mkhoi. Wakubwa wake wawili walifariki wangali wakinyonya. Mama Maria naye alifariki mwaka 1943, mwaka wa njaa, akamwachia Lazaro mdogo wake wa kike, Theresia, aliyekuwa na miaka saba. Baba yao alishinda na ng'ombe, kwa hiyo Lazaro ndiye aliyempikia Theresia uji, akamsuka nywele vibaya mpaka wenzake wakamcheka, na akampeleka shule. Theresia alikua akilisikiliza neno la kaka yake kuliko la mtu mwingine yeyote.

Alisoma shule ya misheni, kisha shule ya kati mjini Singida, akamaliza darasa la nane mwaka 1950. Mwaka uliofuata alikwenda Dodoma kusomea kazi ya dresa, yaani mhudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, akahitimu Novemba 1953.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa zahanati ya Sepuka, na huko ndiko alikopatia mke. Mama Redempta mwenyewe ametuambia, na ameruhusu tuliseme, kwamba alifika pale na kidonda cha mguu kilichopona ndani ya wiki moja, lakini dresa akaendelea kumwambia arudi kubadilishwa bandeji wiki nne zaidi. Mama yake alipokuja kuuliza ni kidonda gani hicho kisichopona, dresa aliinama akaendelea kufunga bandeji. Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1956, wakajaliwa watoto wanne, mmoja wao akatangulia mbele ya haki akiwa mchanga.

Mwaka 1959 Lazaro alihamishiwa zahanati ya nyumbani, Mungaa. Uhuru ulimkuta hapa. Alikuwa wa kwanza kuchonga mlingoti wa bendera pale zahanati, akiamini kwamba sasa mtu wa kijijini atatibiwa kama mtu.

Februari 1963 walifika watafiti wa ugonjwa wa vikope, watu watatu kutoka nje, na barua kutoka juu. Walileta tyubu za dawa ya kupaka macho, nyingine zenye kifuniko cha kijani na nyingine cheupe. Nyumba za upande wa mashariki zilipewa kijani, za magharibi zikapewa nyeupe. Wao hawakujua Kinyaturu, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji, hivyo Lazaro akawa mdomo wao. Walimwagiza awaambie watu mambo mawili: hii ni dawa ya macho, na asiende mtu kutibiwa kwingine mpaka miaka miwili iishe, asije akaharibu utafiti. Lazaro aliyasema nyumba kwa nyumba. Alisema kwa bidii, maana aliamini.

Theresia alikuwa ameolewa upande wa magharibi. Kope zake zilikuwa zimeanza kujikunja na kuchoma jicho, na Agosti mwaka ule alijiandaa kwenda hospitali ya misheni kupasuliwa kope. Lazaro alimkuta mlangoni akiwa amefunga vitu vyake kwenye kitenge, pamoja na chakula cha njiani.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali, kaka. Silali. Ni kama nimetiwa mchanga."

"Dawa si unayo? Ukienda kule utaharibu kazi ya watu. Vumilia."

Theresia aliingia ndani, akafungua kitenge chake.

Watafiti waliondoka Machi 1965. Siku ya kufunga masanduku, mkubwa wao alimshika Lazaro mkono kwa furaha, akamweleza kwamba kijani imefanya kazi vizuri mno. Lazaro akauliza, je, nyeupe?

"Nyeupe haikuwa na kitu. Ni mafuta tu. Lazima wawepo watu wa kulinganishia."

"Na hao mliwaambia?"

Yule mzungu alimtazama kwa mshangao, wala hakuwa na ubaya usoni. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia, Lazaro."

Wakati huo jicho la kushoto la Theresia lilikwisha kuwa jeupe, na la kulia lilikuwa likififia. Alasiri ile ile Lazaro alikwenda kwake. Alimkuta akipepeta mtama, akipapasa ungo kwa vidole kutafuta mawe. Akamwambia yote akiwa amesimama, kwa sababu hakuthubutu kuketi.

"Ulijua?" Theresia akauliza.

"Sikujua."

"Uliuliza?"

Lazaro alibaki amesimama pale mpaka mtama ukaisha. Kisha akaenda zake. Mwaka 1966 Theresia aliacha kuona kabisa. Watu saba wa upande wa magharibi walipofuka kati ya mwaka 1964 na 1969. Hatuwezi kusema wote wangepona kama wangepewa kijani. Lazaro naye hakuwahi kusema hivyo. Alichosema ni kwamba waliambiwa wasiende hospitali, na aliyewaambia ni yeye.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta. Alitaka kujua kama kuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba jambo lile halifai. Alimuuliza mkubwa wake wa kazi, akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya wataalamu. Alichukua likizo akaenda mpaka Kinampanda, kwenye maktaba ya chuo cha walimu, akakaa siku tatu akisoma kwa kamusi. Vitabu vya sayansi vilikuwapo. Vilieleza jinsi ya kupima, kulinganisha na kuandika matokeo. Kuhusu huyo anayepimwa, hakukuta hata ukurasa. Aliandika barua Dodoma, Tabora na Dar es Salaam. Majibu mawili yalikuja, yote ya kumshukuru kwa barua yake.

Mtu aliyemsaidia ni marehemu Mzee Chhotalal Ladha, mwenye duka la nguo mjini Singida. Lazaro alikwenda kununua madaftari, na mzee akamuuliza dresa anaandika nini siku zote. Aliposikiliza mpaka mwisho, alivua miwani.

"Bwana Dresa, binti yangu Prabha anasoma udaktari Bombay. Kule wana maktaba kubwa. Andika swali lako, mimi nitapeleka."

"Niandike kwa lugha gani, mzee?"

"Andika unavyouliza. Nitamgeuzia mimi."

Bahasha ilirudi baada ya miezi saba, mwezi Mei 1967. Prabha, ambaye hakuwahi kumwona Lazaro, alikuwa amekaa maktaba na kunakili kwa mkono kurasa kumi na nane: tamko la madaktari wa nchi nyingi kuhusu kumjaribia binadamu dawa, na maelezo ya mwalimu wake. Juu yake aliandika kwamba samahani, amechelewa kwa ajili ya mitihani. Mama Redempta anasema mumewe aliisoma barua ile akiwa amesimama uani, na alipofika mwisho alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika mtoto. Yalikuwa yameandikwa, kwamba anayejaribiwa dawa lazima kwanza aelezwe, kisha akubali mwenyewe. Yaliandikwa wakati tyubu nyeupe zingali zinagawiwa hapa kwetu.

Kuyatafsiri kulimchukua mwaka mzima. Neno lililomshinda kuliko yote ni kukubali. Alisema mtu wetu hukubali kwa kumheshimu mgeni, au kwa kuogopa, au kwa sababu kaka yake amemwambia. Mwisho aliandika hivi: "kukubali baada ya kuelewa, akiwa na uwezo wa kukataa asifanywe kitu." Alinakili madaftari sita, akayapeleka kwa wasaidizi wa zahanati jirani. Watatu walimrudishia bila kuyafungua.

Mwaka 1974 tulipohamia kijiji kipya, mvua ilituloanisha njiani na barua ya Prabha ikageuka uji. Daftari la tafsiri lilipona kwa kuwa alilivaa ndani ya shati.

Juni 1975 watafiti wengine walikuja, safari hii Watanzania wenzetu, wakitaka kupima damu na kujaribu dawa ya minyoo kwa watoto. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Idrissa, aliitisha mkutano na kuwataka watu wajiandikishe. Lazaro akasimama na daftari. Aliuliza kama watoto wote watapewa dawa, na wasiopewa wataambiwa nini. Aliuliza kama mtu akikataa, atanyimwa matibabu ya kawaida. Kisha akauliza mtoto akidhurika, atamwona nani.

"Ndugu Lazaro," mwenyekiti akasema, "unapinga maendeleo?"

"Ndugu Mwenyekiti, mimi niliwahi kutopinga."

Daktari kijana aliyeongoza msafara alijibu maswali mawili. La tatu alisema hana jibu, akafunga mkutano, akaondoka. Alirudi baada ya wiki tatu akiwa na jibu kwa maandishi, akalisoma lote, na Lazaro akaligeuza Kinyaturu sentensi kwa sentensi. Nyumba arobaini na moja ziliandikisha watoto wao. Nyingine zilikataa, na hakuna aliyezigusa.

Mwezi Septemba Lazaro alipokea barua ya kusimamishwa kazi kwa kukosa ushirikiano. Alikuwa ametumika miaka ishirini na moja. Hakurudishwa. Alilima, na wagonjwa waliendelea kumfuata shambani.

Ugonjwa wa ini ulianza kumsumbua Julai 1976. Alilazwa Dodoma miezi miwili, akarudishwa nyumbani Desemba kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Theresia aliletwa, akakaa kando ya kitanda chake majuma yote yaliyobaki, akimpaka maji midomoni. Siku moja alimwomba Redempta amsomee lile daftari. Lilipoisha akasema, "Ni maneno mazuri, kaka. Yalichelewa."

"Yalichelewa," Lazaro akaitikia.

Hawakulizungumza tena. Lakini Theresia hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumpaka maji, hata mchana wa Jumatatu tarehe 14 Machi 1977, Lazaro alipokata roho saa tisa na nusu, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yake.

Marehemu ameacha mjane, Mama Redempta Njou, watoto watatu, Alphonce, Kristina na Mathayo, wajukuu wawili, na dada yake, Theresia. Aliagiza pia kwamba katika orodha hii ya aliowaacha wasomwe, kama ndugu zake wa damu, wote waliopofuka wakiwa na tyubu nyeupe na ambao wangali hai. Nao ni Mzee Gwau Mghanga. Bibi Esta Mnyampa. Na Simoni Kefa, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule. Wako hapa, wameketi safu ya mbele pamoja na familia. Watatu waliotutangulia ni Mzee Mpondo, mkewe Bibi Nyamuna, na Bibi Ana Ghumpi. Wa saba ni dada yake mwenyewe, ambaye tumekwisha kumtaja. Ameomba jina lake lisomwe mara moja tu katika orodha hii, kama dada.

Mungu ampokee Lazaro, na ampe pumziko ambalo hapa duniani hakujiruhusu kulipata.