Mama Mtawanyiko na Chupa Thelathini

Wewe uliyekaa hapo, leo asubuhi umekunywa maji ya bomba gani? Usijibu sasa, sikiliza kwanza historia ya dada yetu, maana hilo ndilo swali alilowauliza watu kabla hata ya kuwajulia hali, na wengi wenu mlimkwepa njiani kwa sababu hiyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 katika mtaa huu wa bondeni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mkaa, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akaingia chuo kikuu kusomea takwimu, somo ambalo baba yetu alilisifia kila mahali mpaka anafariki bila kulielewa.

Mwaka 1988 aliajiriwa na maabara ya maji ya mji, ambako aliwafundisha vijana kwamba sampuli ni kijiko cha kuonjea mchuzi, usipokoroga kwanza utasifia juu huku chini kunaungua. Akipewa wastani alidai na mtawanyiko, yaani vipimo vimeachana kiasi gani, kwa sababu, alisema, hakuna anayekunywa wastani, kila mtu anakunywa ya bomba lake, wakambandika jina la Mama Mtawanyiko, naye akalipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1990 na fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili, na kila mara shemeji yetu huyo alipotamba kwamba marehemu alimpata kwa bahati nasibu, marehemu alimjibu, "Ingekuwa bahati nasibu, baba, ningerudia kuchagua."

Machi 2011, baada ya mafuriko, mji ulitaka kujua kama sumu ya kiwanda cha betri imeingia kwenye maji ya bondeni, zikaletwa maabara chupa thelathini, kila moja ikiwa na kibandiko cha nyumba yake, zote zikasomeka salama, tena salama kwa namna moja, vipimo vimebanana kama mapacha. Mkuu wa maabara alifurahi. Marehemu akamwambia, "Mabomba thelathini hayawezi kusema neno moja, mzee. Hii si sampuli ya bondeni." Mkuu akacheka: "Mama, wewe mpaka watu waugue ndiyo uridhike?" Marehemu alikataa kutia sahihi, ripoti ikatangazwa bila yeye, mtaa ukaendelea kunywa, naye akahamishiwa stoo ya mabomba hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2023.

Miguu ilianza kumvimba Februari 2024, figo zikashindwa, na huko wodini akawa anawauliza wa vitanda vya jirani wanatoka mtaa gani, bondeni, bondeni, bondeni, lakini tulipotaka kupiga kelele alitukatalia kwa ukali, akisema wodi ya figo si mji mzima, na mgonjwa mmoja, hata akiwa yeye, hathibitishi kitu, tutafute kwanza chupa zile zilijazwa wapi. Alifariki Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji ya msiba, wala hatuwalaumu kwamba mmeyachota kwenye mabomba yaleyale ya bondeni, wenzake wa stoo waliokuja, na maabara, iliyotuma gari. Tulipanga kumalizia hapa kwa kumwombea apumzike kwa amani, ila imebaki shukrani moja, kwa dereva wa maabara, yule aliyesimama karibu na mlango, ambaye Jumapili ya mwisho alikuja wodini, akashika ukingo wa kitanda, marehemu akamuuliza taratibu, naye akajibu mbele yetu sote, na ameridhia tuyasome maneno yake: "Barabara ilikuwa tope, dada, na mkuu alizitaka chupa kabla ya saa sita. Bondeni sikushuka. Zote nilizijaza bomba la uani, pale ofisini."