Jina la Askofu Wilmoti

Mbele ya kibanda cha Nesta, muuza popoo, karibu na gati la kijiji cha Haruvo, kuna shina la mnazi lililolazwa chini, na hapo ndipo wanaume wanapotafuna popoo na chokaa huku wakitengeneza mambo ya dunia. Jumamosi hiyo Hilda alikuwa amekaa pembeni na mwanawe wa wiki sita. Kesho mtoto angebatizwa. Mumewe, Basili, alitaka aitwe Wilmoti, jina la askofu wa zamani. Lakini kwa desturi ya Haruvo baba husimama kanisani akasimulia tendo moja la mwenye jina. Asipokuwa nalo, jina halipokelewi. Basili hakuwa nalo. Nesta, bila kuombwa, alikuja akamwekea Hilda gunia laini la kuegemea, akarudi kwenye popoo zake.

— Nipeni tendo, wazee wangu, alisema Basili. La kutikisa kanisa!

Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki, aliruka wa kwanza.

— Moja tu? Yule alikuja hapa hata ndevu hana! Akafungua shule, akajifunza lugha nne za visiwa hivi, akapewa uaskofu akiwa na miaka thelathini na moja!

— Hiyo ni kazi, si tendo, alisema Nahodha, ambaye maisha yake yote hajamiliki chombo ila mtumbwi unaovuja. Subiri vita! Wajapani wanatua, serikali inamwambia panda meli uondoke. Akagoma!

— Hapo sawa! Basili alipiga paja.

— Bado! Wakamsaka pwani nzima. Yeye huyoo, mpaka pango la Mlima Tausere. Njia ya siku nne, yeye asubuhi moja! Na soksi nyeupe pee, hazina hata tone la tope.

— Asubuhi moja?

— Wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana aliwahi.

Redio alitema mate mekundu kwa wivu.

— Alitembea? Nani kakudanganya? Babu yangu alimwona kwa macho yake. Wingu lilishuka hapo gatini, likampakia kama mzigo wa nazi!

— Wingu gani, nyie watoto! alifoka mzee Kengele, mpiga kengele wa kanisa. Alikuwa pangoni, na saa ileile yuko pwani anawabatiza Wajapani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hilda alicheka mpaka mtoto akaamka. Jina la namna hiyo, mwanawe angetembea nalo kifua mbele! Basili alikuwa ameshajaza kiganja maandishi: soksi, wingu, Wajapani.

Mwanamke mmoja alikuwa ameshuka kutoka kwenye meli ya kisiwa cha ng'ambo, muuguzi, jina lake Dorisi. Nesta alikuwa amempasulia dafu bila kumdai kitu. Sasa Dorisi aliliweka dafu chini.

— Samahani, kaka zangu. Siku hiyo askofu alikuwa mzima?

— Mzima wapi, mwanangu! alisema Kengele. Malaria, siku ya tisa! Hata kusimama hawezi. Ndiyo muujiza wenyewe!

— Basi nani alimbeba?

Popoo zilisimama mashavuni.

— Watu, alisema Nahodha mwishowe.

— Watu gani?

Hilda aliwatazama mmoja mmoja. Siku nne za kupanda, mtu mzima mgongoni, wenye bunduki nyuma. Kuna aliyemwinua, kuna aliyemnywesha maji, kuna aliyemfunika baridi ilipoingia. Na wote walitoka Haruvo hii hii.

— Sasa kesho niseme nini? aliuliza Basili.

Hilda alimfunga mtoto kifuani, akasimama.

— Bibi Merabu wa kule kilimani alikuwa msichana mkubwa wakati wa vita. Twende tukamuulize.

— Na Wilmoti?

— Mtoto anaweza kubeba majina mawili, baba Wilmoti.

Alikuwa ameshashika njia ya kilimani. Nyuma yake alisikia shina la mnazi likiachwa tupu.

— Ngojeni! Huenda ni baba yangu aliyembeba!

— Baba yako, Nahodha? Si alikuwa akichechemea!

— Alichechemea baada ya vita, mjinga wewe! Hebu jiulize kwa nini!

Hilda aliongeza mwendo.