Bei ya Gari la Sanduku

Benchi letu liko nje ya hoteli ya Mama Bitutu, hapo Mosocho, barabara ya kwenda Kisii inapopinda. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe, na ukikaa mwishoni halafu wa katikati akainuka bila kusema, unajikuta chini. Kahawa tunailima sisi wenyewe, lakini ya kunywa Mama Bitutu huinunua dukani ikiwa kwenye mkebe, na huo ni ubishi wa siku nyingine. Mwaka wa sabini na moja tulikuwa na ubishi mmoja tu: gari la Jethro Makori ni la bei gani.

Jethro alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la chai kule Kericho. Mkubwa wake, injinia Mzungu, aliagiza gari kutoka Uingereza, likaja ndani ya sanduku, vipande vipande. Waliliunga wawili hao jioni baada ya kazi, wakalitia injini ya Ford iliyokuwa imepata ajali. Bodi yake haikuwa ya bati. Ilikuwa ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, nyepesi, ukiigonga inalia kama kibuyu. Viti vilikuwa viwili, basi. Injinia aliporudi kwao alimwachia Jethro, naye akalileta nyumbani. Kila Sabato alimpakia mke wake, Persis, wakateremka polepole mpaka kanisani, tumbo la gari likikwaruza mawe na watu wakicheka kando ya njia. Persis mwenyewe alikuwa akicheka kuliko wote. Akaja akafa kwa homa ya mapafu. Mazishi yalipopita, Jethro alikuja benchini akasema gari linauzwa.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua pa kuanzia. Pijo ina bei yake. Landrova ina bei yake. Hata punda ana bei. Lakini hili hakuna aliyewahi kuona la pili.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Nyamongo, tunayemwita Mizani kwa sababu ndiye anayepima kahawa kwenye chama cha ushirika, na kwake hakuna kitu duniani kisichokuwa uzito. Alituambia kwamba aliinua boneti kwa kidole kimoja.

— Hii si gari, ni karai, alisema. Ukiuza kwa kilo, unarudi nyumbani na chumvi peke yake.

Thadeus alimpinga. Huyu ni Redio, maana ndiye mwenye redio, na siku ambayo haina habari huwa anazitengeneza. Alisema huko Ulaya magari yaliyo machache ndiyo ghali, watu huyafungia ndani kama fahali wa mbegu.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kitu kikiwa haba, kibaba cha bei kinajaa.

— Na wakasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Mizani akajibu. Hii haijiuzi na haijitembezi. Sasa niambie ni nini.

Wiki hadi wiki maneno yalizidi kukua. Redio alianza kwa kusema kwamba kiwanda kilichotengeneza gari hilo kilifungwa. Baadaye kiwanda kikawa kimeungua. Mwishowe mafundi wake wote walikuwa wamekufa na siri yao, na ukilifukia gari hilo ndani ya majivu kama mbegu ya kuhifadhi, mjukuu wako atalifukua anunue nalo mlima mzima wa Manga. Mizani naye alikuwa akishusha tu. Lingefaa kugeuzwa juu chini liwe paa la ndama, na akaongeza kwamba lingefaa pia kuchachushia pombe. Jethro ni Msabato, akamwomba aondoe mfano huo. Kuhusu bei hakusema kitu.

Alikaa mwisho wa benchi, kikombe mikononi, akitusikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wake aliye mbali. Tulipochoka alikuwa akisema:

— Kujeni Jumapili mulione vizuri.

Na sisi tulikwenda. Tulikuta ameliosha, amefagia banda, amepika chai ya maziwa na kuchemsha viazi vitamu, vingine vimeshika chini ya sufuria. Alifungua boneti akatuonyesha boliti aliyoikaza yeye na ile aliyoikaza injinia. Akitokea mtu wa kutaja bei, Jethro alimtafutia kasoro. Mmoja miguu yake ilikuwa mirefu mno. Mwingine alitaka kubebea kuku. Wa tatu alisifika kwa kukata kona vibaya. Sisi tuliona ni haki yake, mali ni yake.

Ndipo akaja Angwenyi, mtu wa Kenyenya aliyekuwa na kazi ya bima Nairobi, ambaye hutumia likizo zake kufuata mashindano ya magari. Alisikia habari sokoni akapanda hadi kwa Jethro. Alilala chini ya gari na shati lake jeupe, akatafuta namba iliyogongwa kwenye chasisi, akapapasa bodi yote kutafuta nyufa. Jioni alishuka benchini akatununulia kahawa sote.

Alituambia kwamba magari ya kujiundia yanadharauliwa kwa sababu hayana jina kubwa. Anayeyajua huuliza kama gari ni zima, kama namba ni yake, na kama aliyeliunga alikuwa na mkono mtulivu. Hili lilikuwa na yote. Alikuwa ametoa bei ya Pijo nzuri. Mizani akaweka kikombe chini.

— Na amekubali?

— Amekubali. Nilikaa kiti cha kushoto nikaona kimebonyea upande mmoja. Akaniambia, hapo ni pa Persis, alikuwa ananiegemea tukikata kona. Nikamwambia hicho kiti sitakibadilisha. Hapo ndipo akakubali. Lakini ameniomba nisije kulichukua Jumapili. Siku nyingine yoyote ni sawa, ila Jumapili ana wageni.

Tuliangaliana.

— Wageni ni sisi, Redio akasema.

Tukamweleza habari za Jumapili, chai, viazi na boliti. Angwenyi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Sasa likienda, mtakuwa munaenda kwake kufanya nini?

Mama Bitutu alikuja na birika, akasimama kidogo, akarudi nalo ndani bila kummiminia mtu.

Gari lilichukuliwa katikati ya wiki. Jethro alisimama njiani mpaka mlio ukaisha. Jumapili mvua ilianza mapema, na kila mtu wa benchi akawa na jambo lake la kufanya. Aliyepanda ni Mizani peke yake, naye ndiye aliyetusimulia.

Alikuta vikombe vimepangwa mezani, vyetu sote. Banda lilikuwa tupu na limefagiliwa. Walikunywa chai wakitazama mvua ikipiga migomba. Mizani alikuwa hajawahi kuzungumza na Jethro jambo lisilohusu gari, na kumtaja Persis aliogopa. Alipomaliza kikombe cha pili alilitazama lile banda, nguzo na nyasi zake.

— Omogaka, mzee wangu, akasema, hili banda unauza ngapi?

Jethro akataja bei. Mizani akamwambia ni ghali sana. Jethro akasogeza kiti chake karibu, akaanza kumweleza, nguzo moja baada ya nyingine.